Kijiji kisicho na mwenyekiti: namna wanakijiji wa Uskoti wanavyojiendesha na kununua ardhi wanayoikalia

Kila baada ya muda huvuma habari kwamba wakazi wa kijiji fulani cha Uskoti wamenunua kisiwa, msitu au bonde zima, na msomaji wa Kiswahili huachwa na maswali yaleyale. Wamenunua kutoka kwa nani, ilhali wao ndio wenyeji? Kijiji kinawezaje kununua kitu, na hati huandikwa kwa jina la nani? Mwenyekiti wa kijiji alikuwa wapi miaka yote hiyo ardhi ilipokuwa mikononi mwa mtu mwingine? Mkanganyiko huongezwa na matangazo ya mtandaoni yanayouza kipande cha ardhi ya Uskoti chenye ukubwa wa futi moja ya mraba, pamoja na cheti kinachompa mnunuzi jina la "Lordi" au "Ledi", hata mtu akadhani kwamba ardhi ya huko hugawiwa kama njugu.

Nitajaribu kuyafungua maswali hayo nikianzia kwenye mambo madogo ambayo hayaingii katika habari za kimataifa: jumba la mikutano, jarida la kila mwezi, dansi ya Jumamosi, tangazo la msiba lililobandikwa dirishani mwa duka. Naanzia huko kwa makusudi. Kijiji cha Uskoti hakina serikali yake, na kwa hiyo maisha yake ya kijamii ndiyo chombo kilicho nacho cha kufanya uamuzi, kuchanga fedha na, mambo yakifika huko, kuinunua ardhi kutoka kwa mwenye nayo. Asiyeelewa lile jumba la mikutano hataelewa kisiwa kilinunuliwaje.

Neno "kijiji" lina maana gani huko

Mtanzania asikiapo neno "kijiji" huona chombo cha kisheria. Huona mkutano mkuu, halmashauri ya kijiji, mwenyekiti aliyechaguliwa, mtendaji mwenye ofisi na mhuri, na ardhi ambayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeiweka chini ya usimamizi wa halmashauri hiyo. Kijiji cha Uskoti hakina hata kimoja kati ya hivyo. Huko kijiji ni mahali tu: nyumba zilizokusanyika kandokando ya barabara, ghuba au daraja, zenye jina kwenye ramani na kibao njiani. Takwimu rasmi huhesabu kuwa ni mashambani kila mahali palipo nje ya makazi ya watu 3,000 au zaidi, na kwa kipimo hicho mashambani ni asilimia 98 ya ardhi yote ya Uskoti, ingawa wanaoishi huko ni asilimia 17 tu ya watu wake takriban milioni 5.4.

Hapa inafaa kuondoa utata mwingine wa lugha yetu. Kiswahili cha kila siku huita visiwa vyote vile "Uingereza", lakini Uskoti ni nchi mojawapo kati ya nne zinazounda Ufalme wa Muungano. Ina mahakama na sheria zake, kanisa lake la kitaifa, na tangu mwaka 1999 ina Bunge lake jijini Edinburgh, na masuala ya ardhi ni miongoni mwa yale ambayo Bunge hilo huyaamua lenyewe. Sheria za ardhi nitakazozitaja ni za Uskoti peke yake.

Serikali iliyo karibu zaidi na mwanakijiji ni halmashauri ya eneo, na halmashauri hizo ni 32 kwa nchi nzima. Ili kuona ukaribu huo ni wa namna gani, itazame Halmashauri ya Highland, yenye makao yake katika mji wa Inverness. Eneo lake lina zaidi ya kilomita za mraba 25,000, yaani linakaribia kulingana na Rwanda nzima, lakini lina watu wapatao 235,000 tu. Fikiria Rwanda yote ikiendeshwa na halmashauri moja iliyoko mji mmoja, halafu fikiria mama mwenye shida ya barabara katika kijiji cha mwisho kabisa pwani ya magharibi. Zamani zilikuwapo halmashauri ndogo za parishi, lakini zilifutwa mwaka 1930, na wala hazikurudishwa.

Wengine watasema kwamba kuna "baraza la jamii", na kweli lipo. Mabaraza haya, ambayo ni takriban 1,200, yanatokana na sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1973. Wajumbe wake hawalipwi mshahara, na mara nyingi huingia bila kupingwa kwa kuwa wagombea hawazidi nafasi zilizopo. Kazi yake ni kupeleka maoni: halmashauri ikipokea ombi la kujenga nyumba au kusimamisha mitambo ya upepo, baraza lina haki ya kuulizwa. Kuulizwa si kuamua. Baraza halikusanyi kodi, halitungi sheria ndogo, wala halimiliki barabara. Anayelichukulia kuwa ni serikali ya kijiji hukosea kwa namna ileile ambayo angekosea mtu anayedhani kamati ya wazazi ndiyo mwajiri wa walimu.

Jumba, habari na keili

Mamlaka yakiwa mbali hivyo, shughuli za pamoja hushikwa na watu wenyewe, na mahali pake ni jumba la kijiji. Karibu kila kijiji kina moja, la mawe au la mabati, lenye ukumbi, jukwaa dogo, jiko na rundo la viti. Humo asubuhi hukaa watoto wadogo wa chekechea, mchana wazee hupata supu na mkate, jioni hufanyika mkutano wa baraza, na siku ya uchaguzi huwekwa masanduku ya kura. Mara nyingi jumba hilo si la serikali. Huendeshwa na kamati ya wanakijiji iliyosajiliwa kama shirika la hisani, yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina wasiolipwa, ambao huamka usiku wa dhoruba kutazama kama paa bado lipo.

Habari za kijiji husafiri kwa njia ambazo mtu wa Afrika Mashariki atazitambua mara moja. Lipo ubao wa matangazo nje ya duka, ambalo mara nyingi ndilo posta pia. Lipo jarida dogo linalochapwa kila mwezi au kila wiki na kuhaririwa na watu wa kujitolea, lenye ratiba ya feri, matokeo ya mashindano ya keki, taarifa ya ng'ombe aliyepotea na malalamiko kuhusu mashimo barabarani. Moja la namna hiyo, linalosomwa katika rasi za magharibi kuzunguka Ardnamurchan, huitwa De Tha Dol, maneno ya Kigaeli ambayo maana yake ni "Kuna nini huko?", na naona yanakaribia sana "Habari gani?" yetu. Kubwa kuliko hayo ni gazeti la West Highland Free Press, lililoanzishwa katika kisiwa cha Skye mwaka 1972, ambalo kaulimbiu yake ya Kigaeli hutaja vitu vitatu: ardhi, lugha na watu. Mpangilio huo haukuja kwa bahati. Tangu mwanzo gazeti hilo lilishikilia kwamba habari ya dansi ya kijiji na habari ya nani anamiliki mlima ni za ukurasa mmoja.

Msiba nao una taratibu zake. Sisi tumezoea kusikia matangazo ya vifo redioni, pamoja na orodha ndefu ya jamaa wanaopewa taarifa. Katika vijiji vingi vya kaskazini mwa Uskoti tangazo hubandikwa kwenye dirisha la duka au la posta, na kufikia jioni hakuna asiyejua. Siku ya mazishi, jeneza huteremshwa kaburini kwa kamba ambazo kwa kawaida ni nane, na kila mshika kamba huwa ameteuliwa na familia. Mara nyingi hukabidhiwa kadi ndogo yenye mchoro wa jeneza na nambari inayoonyesha mahali pake pa kusimama. Kupewa kamba ni heshima isiyoombwa, na anayeitazama kadi ile ataona humo ukoo na ujirani wa marehemu.

Neno ambalo hupotoshwa kuliko yote ni la Kigaeli, ceilidh, linalotamkwa "keili". Watalii huliuziwa kama onyesho la sketi za kiume na zumari, lakini maana yake ya asili ni kutembeleana: jirani huingia nyumbani kwa jirani jioni ya baridi, moto ukachochewa, zikapigwa hadithi, nyimbo na habari za mji. Baadaye ilihamia kwenye jumba la kijiji na kuwa dansi ya kinanda cha mkononi na fidla, ambamo watu husimama mistari miwili na kubadilishana wenzi, hata mtoto wa miaka minane akajikuta ameshikana mikono na daktari, mvuvi na bibi wa miaka themanini katika wimbo mmoja. Naamini hapo ndipo penye siri ya dansi hizi, kwa kuwa hairuhusiwi kucheza na uliyekuja naye peke yake. Keili ndiyo pia harambee ya kijiji. Kiingilio, bahati nasibu na mauzo ya viazi vilivyopikwa na nyama hutengeneza paa, hununua mashine ya kushtua moyo, humpeleka kijana mashindanoni.

Zaidi ya hayo, kila eneo lina mambo yake. Wanawake wana vyama vyao vya mashambani, vya kwanza vikiwa vimeanzia Longniddry mwaka 1917, ambavyo hukutana kila mwezi kwa mafunzo, mapishi na kazi za mikono. Kusini, karibu na mpaka wa England, miji midogo huzunguka mipaka ya ardhi yake ya pamoja kwa msafara wa farasi kila kiangazi, desturi iliyotokana na haja ya kuhakikisha kwamba jirani hajasogeza alama. Katika Nyanda za Juu (Highlands), eneo la milima la kaskazini, upo shinti, mchezo wa magongo unaofanana kidogo na mpira wa magongo lakini wenye vishindo zaidi, na upinzani mkali kuliko wote ni kati ya Newtonmore na Kingussie, makazi mawili madogo yaliyoachana kwa umbali wa kilomita tano hivi, ambayo kwa miongo mingi yamekuwa yakinyang'anyana vikombe vya taifa. Kijana wa hapo haulizwi kama anapenda shinti. Huulizwa anacheza upande gani.

Kanisa lilikuwa nguzo ya yote haya, na hapa pana uhusiano wa kweli na kwetu: Wakenya wa Kanisa la Presbiteri wanaozoea kuongozwa na wazee wa kanisa wameupata utaratibu huo kwa wamisionari wa Kiskoti, na jina la Thogoto, huko Kikuyu, limetokana na matamshi ya wenyeji ya kabila la wageni hao. Huko Uskoti kwenyewe, Kanisa sasa linaunganisha parishi na kuuza majengo yasiyo na waumini wa kutosha, na katika vijiji vingi jengo la kanisa limegeuka kuwa nyumba ya mtu.

Ardhi ilifikaje mikononi mwa wachache

Sasa twende kwenye mzizi wa mkanganyiko. Mwanakijiji anaweza kuwa na babu na babu wa babu waliozikwa palepale, lakini mlima anaoutazama, ufuko anaopita, hata kiwanja kilicho chini ya nyumba yake, vikawa ni mali ya mtu mmoja anayeishi mbali. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba nusu ya ardhi yote ya mashambani iliyo mikononi mwa watu binafsi inamilikiwa na watu au familia zisizozidi 500. Katika nchi za Ulaya hiyo ni hali ya pekee.

Ukabaila wa kisheria, ambao chini yake mwenye ardhi alihesabika kuwa ameipata kwa mkubwa wake, na mkubwa huyo kwa mkubwa zaidi hadi kufika kwa mfalme, ulidumu Uskoti kwa karne nyingi, na ulifutwa tarehe 28 Novemba 2004. Hiyo ni juzi. Kabla yake, kuanzia katikati ya karne ya 18 hadi katikati ya karne ya 19, makabaila wa Nyanda za Juu waliwaondoa wakulima katika mabonde ili kuweka kondoo, ambao walilipa zaidi. Bonde la Strathnaver, katika jimbo la Sutherland, lilitolewa watu kati ya 1814 na 1819, na nyumba nyingine zilitiwa moto ili wenyewe wasirudi. Baadhi yao walivuka bahari kwenda Kanada. Wengine walisukumwa hadi pwani kwenye vipande vidogo vya ardhi yenye mawe, ambavyo havikutosha kumlisha mtu mwaka mzima.

Vipande hivyo ndivyo vinavyoitwa krofti. Krofti ni shamba dogo la kukodi lenye sheria yake maalumu, na mwenye kulilima hushiriki pia, pamoja na wenzake wa kitongoji, malisho ya pamoja mlimani, ambako kila mmoja ana idadi ya mifugo anayoruhusiwa kuipeleka. Kamati ya malisho na karani wake ndio wanaosimamia hesabu hiyo. Mwaka 1882 wakulima wa Braes, kisiwani Skye, walipambana na polisi waliotumwa kuwakamata wenzao katika mgogoro wa malisho. Serikali iliunda tume ya uchunguzi mwaka uliofuata, na mwaka 1886 ikapitishwa sheria iliyompa mkulima wa krofti kodi ya haki, usalama wa kutofukuzwa ovyo, na haki ya kuwarithisha watoto wake. Sheria hiyo haikumpa ardhi. Iliendelea kuwa ya kabaila, na mkulima akawa ni mpangaji asiyeweza kuondolewa.

Namna kijiji kinavyonunua

Mfano wa zamani ni wa mwaka 1923, ambapo tajiri wa viwanda vya sabuni, Lord Leverhulme, baada ya mipango yake katika kisiwa cha Lewis kushindikana, aliwapa watu wa parishi ya Stornoway ardhi yao, na hadi leo inasimamiwa na wadhamini wanaochaguliwa kwa kura. Hiyo ilikuwa zawadi. Ununuzi uliobadilisha fikra za watu ulikuja miaka 70 baadaye huko Assynt, kaskazini-magharibi. Kampuni ya kigeni iliyomiliki eneo la North Lochinver ilifilisika, na mfilisi akataka kuliuza vipande vipande. Wakulima wa krofti walikutana wakakubaliana kulinunua wenyewe, wakachangisha kwa barua na magazeti, na mwezi Februari 1993 wakalipata kwa pauni 300,000. Hoja yao ilikuwa nyepesi: ardhi iliyojaa wapangaji wasioweza kuondolewa ina thamani ndogo kwa mtu mwingine yeyote, kwa hiyo mnunuzi halisi ni wao.

Kisiwa cha Eigg kilifuata tarehe 12 Juni 1997. Wakazi wake walikuwa 60 na ushee, na kwa miaka walikuwa wakiishi kwa kutegemea hisia za mmiliki mmoja baada ya mwingine, wengi wao bila mkataba wa maana wa nyumba. Walichangiwa na maelfu ya watu, na sehemu kubwa ya takriban pauni milioni 1.5 ilitoka kwa mfadhili ambaye hakutaka kujulikana. Tangu hapo wakazi wamepita 100. Mwaka 2008 waliwasha umeme wao wa kisiwa kizima, unaochanganya maji, upepo na jua, na kuondokana na kila nyumba kuwa na jenereta yake ya dizeli. Kwa kuwa umeme huo una kikomo, kila nyumba haivuki kilowati 5 kwa wakati mmoja. Ukichemsha birika huku mashine ya kufulia inafanya kazi, umekaribia mpaka, na ukiuvuka umeme wako hukatika hadi mtunza mfumo aje kuurudisha. Napenda mfano huu kwa sababu unaonyesha kwamba umiliki wa pamoja si maneno ya jukwaani. Upo jikoni, na unamfanya mtu akumbuke jirani kila anapochemsha chai.

Hao wa mwanzo walinunua kama mnunuzi mwingine yeyote, bila upendeleo wa sheria. Sheria ya Marekebisho ya Ardhi ya mwaka 2003 ndiyo iliyoweka utaratibu. Wanaojua fikihi wataikumbuka shufaa, haki ya mshirika kuuziwa kabla ya mtu wa nje, na wazo hapa liko karibu na hilo. Wanakijiji huunda kampuni isiyo na hisa, ambayo kila mkazi mpigakura wa eneo lililotajwa anaweza kuwa mwanachama. Kampuni hiyo husajili nia yake juu ya ardhi fulani, ikionyesha kwamba angalau asilimia 10 ya wanajamii wameiunga mkono. Mwenye ardhi akiamua kuuza, lazima wao ndio waulizwe kwanza. Mthamini huru hupanga bei, wanakijiji hupiga kura, mawaziri hutoa idhini, na fedha zikikosekana haki hiyo hupotea.

Tazama sasa kila hatua inavyorudi kwenye yale niliyoanza nayo. Saini hukusanywa kwenye kaunta ya duka. Mpango hutangazwa katika jarida. Mabishano, ambayo huwa makali kwa sababu wapo majirani waliokuwa wakipata ajira kwa kabaila na wanaohofia kuipoteza, hufanyika jumbani. Fedha za kutangulizia hutoka kwenye keili. Kijiji ambacho watu wake hawakutani hakiwezi kufikisha hata hiyo asilimia 10.

Yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Dhana inayovuma zaidi ni kwamba huku ni kunyang'anya. Kwa kawaida sivyo: mwenye ardhi hulipwa bei iliyothaminiwa, na katika haki ya msingi ya mwaka 2003 halazimishwi kuuza asipotaka. Zipo hali ambazo anaweza kulazimishwa, yaani kwa ardhi ya krofti, na kwa sheria za 2015 na 2016 zilizoongeza ardhi iliyotelekezwa na ile inayohitajika kwa maendeleo endelevu, lakini ni njia ndefu yenye mashauri mengi. Wakulima wa Pairc, kisiwani Lewis, walitumia zaidi ya miaka kumi kabla ya kuipata ardhi yao mwaka 2015.

Dhana ya pili ni kwamba serikali ndiyo inayonunua. Upo Mfuko wa Ardhi wa Uskoti, ambao kwa kawaida hutoa hadi pauni milioni 1 kwa kundi moja, na msaada wake ni mkubwa, lakini lazima kundi litafute sehemu yake. Mji mdogo wa Langholm, karibu na mpaka, ulinunua ekari 5,200 za nyika kwa pauni milioni 3.8 mwaka 2021 ili kuzigeuza hifadhi ya mazingira, na mwaka uliofuata ukaongeza nyingine zinazokaribia idadi hiyo, kwa michango iliyotoka pande nyingi.

Wengine hufikiri kwamba baada ya ununuzi kila mkazi hupata kiwanja chake cha kuuza. Aliyezoea wakfu ataelewa haraka zaidi: mali ni ya jamii, inasimamiwa na watu waliopewa dhamana, faida hurudi kwenye malengo yaliyoandikwa. Anayehama hachukui chochote, na anayehamia huingia kwa kura moja sawa na mzaliwa.

Ama ile futi moja ya mraba, ukweli wake ni mfupi. Sheria ya usajili wa ardhi haikubali kusajili vipande vidogo vya ukumbusho visivyo na matumizi, kwa hiyo mnunuzi hapati hati ya umiliki inayotambulikana, wala hawi Lordi. Amenunua karatasi. Linaniuma jambo hili, kwa kuwa cheti hicho hugeuza kuwa mzaha umiliki uleule wa ardhi uliowatoa watu makwao.

Pia si kweli kwamba ununuzi humaliza shida. Watu wa kisiwa cha Gigha walinunua kisiwa chao mwaka 2002 kwa pauni milioni 4, wakiwa hawafiki 100. Waliongezeka, wakasimamisha mitambo mitatu ya upepo, shule ikapata watoto, lakini nyumba walizorithi zilikuwa mbovu na ukarabati uliwatia katika madeni makubwa yaliyowachukua miaka kuyadhibiti. Kwa nchi nzima, ardhi ya jamii bado haifiki asilimia 3, na sehemu kubwa yake iko katika visiwa vya Western Isles, ambako zaidi ya thuluthi mbili ya watu wanaishi juu ya ardhi inayomilikiwa na jamii. Kwingine tatizo linaloongoza leo ni nyumba: wageni wenye fedha hununua nyumba za mapumziko, bei hupanda, na mwalimu kijana aliyepata kazi hana pa kulala. Tangu Aprili 2024 halmashauri zinaruhusiwa kutoza kodi maradufu nyumba za pili, na kwa maoni yangu hiyo ni dawa ya kupunguza maumivu tu, kwani shida ni ardhi ya kujenga.

Watu wa Knoydart wanaijua hali hiyo. Rasi yao haina barabara inayoiunganisha na sehemu nyingine za nchi. Hufikiwa kwa mashua au kwa kutembea milima siku nzima. Walinunua ardhi mwaka 1999, na mwaka 2022 wakanunua baa pekee ya kijiji chao cha Inverie, The Old Forge. Kwa mtu wa mjini kununua baa kunaweza kuonekana ni jambo la anasa. Lakini mahali ambapo usiku wa baridi huanza saa kumi jioni na jirani yuko ng'ambo ya kilima, chumba chenye moto ambamo watu hukutana ni miundombinu kama gati.

Linalowasumbua wengi zaidi kuliko fedha ni watu. Katika kijiji cha wakazi 150, mweka hazina wa jumba mara nyingi ndiye katibu wa baraza, mjumbe wa kampuni ya ardhi, mzimamoto wa dharura na mhariri wa jarida, naye anazeeka. Shirika la hisani la aina wanayoitumia wengi linatakiwa na sheria kuwa na wadhamini wasiopungua watatu. Kwa hiyo katika kurasa za mwisho za majarida hayo, kati ya ratiba ya feri na matangazo ya keili, huonekana ombi dogo la mtu wa kujitolea kushika hesabu kuanzia mkutano mkuu ujao. Asipopatikana, hakuna wa kutia saini hundi, bima haikatwi, na jumba hufungwa mlango.